Jiwe la kijani lenye mistari: mmoja kasema zumaridi, mwingine shaba. Wajuzi njooni

Kokoto (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Juzi nilipita mahali wanapopasua mlima kupitisha barabara, nikaokota kipande cha jiwe kwenye kifusi. Ukubwa wake kama ngumi ya mtoto. Mwamba wenyewe ni kijani kilichoiva, karibu na weusi, na ni mzito kuliko nilivyotarajia. Sasa kuna ufa umeukata katikati, na ndani ya ufa huo kumejaa vijiti vya kijani chenye unjano, vinang'aa kama kioo, vingine urefu wake ni nusu ya njiti ya kiberiti. Katikati ya vijiti kuna kitu cheupe, kigumu.

Rafiki yangu alipoliona akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Zumaridi hilo, funga mdomo." Mjomba akalitupia jicho mara moja tu, akasema shaba, eti kila jiwe la kijani lina shaba. Mimi nimejaribu mambo mawili: kisu hakikulikwaruza, kiliacha tu mstari wa chuma juu yake, na siki niliyodondoshea haikutoa povu.

Ni nini hiki?

---

Nipo Nipo

Nimetandika mkeka. Wajuzi waje.

---

MaweYote

Zumaridi hilo mkuu, mimi nina jicho. Usimwonyeshe mtu yeyote. Njoo pembeni tuzungumze.

---

BintiMwamba

Kokoto, kabla hujaenda pembeni na mtu, kaa hapa hapa hadharani kwanza.

Tuanze na mjomba. Jiwe la kijani la shaba linaloonekana sana ni malakaiti. Hilo ni laini, kisu kinalikwaruza bila shida, na ukilidondoshea asidi linatoa povu kwa sababu ni kaboneti. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo kukosa povu peke yake kusingenitosha. Lakini kisu kushindwa kunanitosha. Malakaiti imetoka.

Zumaridi sasa. Fuwele ya zumaridi ina pembe sita, kama penseli ambayo haijachongwa. Pande zake huwa tambarare, na kijani chake kinaelekea kwenye ubluu, si kwenye unjano. Wewe umesema kijani chenye unjano. Hilo peke yake si ushahidi, rangi ni shahidi mwongo sana kwenye mawe, lakini limenifanya nikunje uso.

Nenda kachukue lenzi ya kukuzia, hata ya kusomea, ukae penye jua, uniangalizie mambo matatu. Kwanza, pitisha ukucha kwenye ubavu wa kijiti, kwa marefu na kwa mapana, je, unakwama? Pili, tafuta kijiti kilichovunjika, ukitazame kichwani: umbo lake ni la pembe sita, pembe tatu, au limebonyea upande? Tatu, pale kilipovunjika ni papo laini kama kioo cha dirisha, au ni kama chupa iliyopasuka?

---

Kokoto

Nimerudi. Nimekaa nalo uani karibu saa nzima.

Ukucha: nikipitisha kwa marefu unateleza. Nikipitisha kwa mapana unakwaruza-kwaruza kama kwenye meno ya kitana, yaani kuna mistari midogo sana inayofuata urefu wa kijiti. Kwa macho tu sikuiona, kwenye lenzi ndiyo ikajitokeza.

Kichwa: vingi vimejishikiza kwenye mwamba, kichwa hakionekani. Nimepata viwili vilivyovunjika. Si pembe sita. Ni kama tofali lililosukumwa likalala upande, na upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine.

Kuvunjika: hapa nimechanganyikiwa. Kimoja kina uso laini kabisa, kinarudisha jua kama kioo, na uso huo unakwenda na urefu wa kijiti. Lakini ukikikata kukatisha, kinavunjika hovyo.

---

BintiMwamba

Hujachanganyikiwa, umeona vizuri kuliko wengi. Nadhani nalijua, ila ngoja niwaachie wengine nao waseme.

---

Fundi Tindo

Mimi nakata mawe miaka mingi. Mistari kwa urefu = tomalini. Mjadala umefungwa. Na kama si tomalini basi ni aktinolaiti, maana hiyo miamba ya kijani cheusi imejaa aktinolaiti. Hiyo "nadhani nalijua" ya dada hapo juu ni kutuweka roho juu tu.

---

BintiMwamba

Fundi, sitaki kuweka mtu roho juu. Ninachofikiria ni EPIDOTI. Sasa nieleze kwa nini si hayo mawili yako, na ujue kwamba kwenye aktinolaiti uko nusu ya njia.

Tomalini ina mistari kwa urefu, kweli. Lakini kichwa chake ukikikata ni pembetatu iliyovimba, kama tumbo limejaa pande zote tatu. Na tomalini haina bapa la kupasukia. Ukiivunja inavunjika kama chupa. Kokoto ametuambia kuna uso mmoja laini unaokwenda na urefu. Epidoti ndivyo ilivyo: ina njia moja nzuri sana ya kupasukia, na njia hiyo inafuata urefu wa fuwele.

Aktinolaiti iko kundi la amfiboli. Hizo zina njia mbili za kupasukia, na zinakutana kwa pembe ya nyuzi kama 56 na 124, ukiangalia kichwani unaona almasi ya kwenye karata. Mara nyingi inatokea kama sindano au nyuzinyuzi. Ugumu wake, kwa kipimo cha 1 hadi 10, ni 5 hadi 6, kisu kizuri kinaweza kuiuma. Epidoti ni 6 hadi 7. Nilichosema uko nusu ya njia ni hiki: huo mwamba mweusi-kijani unaoshika vijiti, ndani yake kuna uwezekano mkubwa wa aktinolaiti na kloraiti, madini mengine ya kijani. Vijiti vya kwenye ufa ndivyo vingine.

Kokoto, una mizani ya jikoni?

---

Kokoto

Ninayo, ya kidijitali. Inasoma gramu nzima nzima tu, haina nukta.

---

BintiMwamba

Inatosha kuanzia. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi, litumbukize lizame lote bila kugusa kitako wala ubavu wa bilauri, ulishike hivyo hivyo likining'inia. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake, kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja. Gawanya uzito kwa ujazo.

Ila usipime na mwamba mweusi. Bandua kipande cha ule ufa peke yake.

---

Nipo Nipo

Nimewapenda bure. Ngoja nitafute bilauri na mimi.

---

Kokoto

Nimebandua kipande cha ufa kwa patasi, kimetoka na vijiti pamoja na kile kitu cheupe. Kavu: gramu 61. Ndani ya maji: 20. Nikigawanya napata 3.05.

---

Fundi Tindo

HAYA. Tomalini ni kuanzia 3.0 hadi 3.25. Aktinolaiti ni 3.0 hadi 3.2. Epidoti ni 3.3 kwenda juu, mimi pia nasoma vitabu. Dada njoo ujibu.

---

BintiMwamba

Nakuja, na nakupongeza kwa hizo namba, ni za kweli. Epidoti safi ni 3.3 hadi 3.5.

Lakini Kokoto amepima nini? Amepima vijiti PAMOJA na kile cheupe. Cheupe kigumu kwenye ufa wa namna hiyo, kisu hakikiwezi, siki haikifanyi kitu, hicho karibu hakika ni kwatzi, na kwatzi ni 2.65. Ukichanganya kitu cha 3.4 na kitu cha 2.65 unapata namba ya katikati. Piga hesabu: 3.05 toa 2.65 ni 0.40, 3.4 toa 2.65 ni 0.75, gawanya, unapata 0.53. Yaani kipande chake zaidi kidogo ya nusu ya ujazo ni epidoti na kinachobaki ni kwatzi. Kokoto, ukikitazama kipande, cheupe na kijani vimegawanaje?

Halafu kuna jambo ambalo hiyo 3.05 imelimaliza kabisa, na MaweYote alisikie. Zumaridi ni kama 2.7. Kwatzi ni 2.65. Changanya unavyotaka, huwezi kufika 3.05. Zumaridi imekufa hapo.

---

Kokoto

Nikikadiria kwa jicho ni nusu kwa nusu, labda kijani kimezidi kidogo. Aisee.

---

Fundi Tindo

Hesabu nzuri, lakini unaanza na jibu halafu unatafuta njia ya kulifikia. Apime vijiti vitupu.

---

BintiMwamba

Hapo umesema kweli, sina la kubisha. Apime vijiti vitupu.

---

Kokoto

Imenichukua siku mbili kuvitenganisha, vidole vimechubuka. Nimekusanya vijiti na vipande visivyo na cheupe, nikavifunga kwenye kipande cha chandarua ili visitawanyike majini, na chandarua nikakipima peke yake nikakitoa kwenye hesabu. Kavu 17, majini 5. Inatoka 3.4.

---

Fundi Tindo

Mizani ya gramu nzima. Hiyo 5 inaweza kuwa 4.5 au 5.5. Ukigawanya unapata kuanzia 3.1 hadi 3.8. Humo ndani inaingia tomalini, epidoti, ganeti na nusu ya mawe yote ya kijani. Si ushahidi huo.

---

Mpita Njia

Fundi kashika kweli leo. Lakini hoja yake ni nzito, tuwe wakweli.

---

Kokoto

Nimeazima mizani ya sonara, inasoma nukta moja. Kavu 17.2. Majini 5.1. Nimerudia mara tatu, mara moja ikaja 5.0, mara mbili 5.1. Yaani 3.37 au 3.44. Nimetikisa chandarua vizuri kwanza kutoa viputo vya hewa.

---

Fundi Tindo

Sawa. Tomalini hapana. Aktinolaiti hapana. Nimekubali hapo. Lakini kwa namba hiyo ni kwa nini isiwe olivini? Nayo ni kijani chenye unjano, nayo ni 3.3 na kuendelea.

---

BintiMwamba

Swali zuri, na kwa rangi tu olivini na epidoti zinaweza kumdanganya mtu yeyote.

Olivini haina mistari ya kitana, huwa punje punje kama sukari ya mawe, na haina bapa zuri la kupasukia. Lakini kinachonifanya niitoe bila wasiwasi ni jirani yake. Olivini ya kawaida, ile yenye magnesi nyingi, haikai na kwatzi. Zikikutana katika joto la chini ya ardhi, silika ya kwatzi inaingia kwenye olivini na kuigeuza kuwa madini mengine, piroksini. Kwa Kokoto vijiti vimechomekwa ndani ya kwatzi kama sindano kwenye pamba, vimelala pamoja kwa amani. Epidoti na kwatzi ni marafiki wa siku zote.

Jaribio la mwisho, na hili nalipenda kuliko yote. Kokoto, tafuta kijiti chembamba kinachopitisha mwanga. Fungua kompyuta yenye kioo cha LCD, weka ukurasa mweupe mtupu. Mwanga wa kioo hicho unatoka ukitetemeka kwa upande mmoja tu. Weka kijiti mbele ya kioo, kitazame kwa lenzi, ukizungushe taratibu kama akrabu ya saa.

---

Kokoto

Wakuu.

Kinabadilika rangi. Kikiwa kimesimama kina kahawia kama chai ya rangi, nikikizungusha kikalala kinakuwa kijani. Nikizungusha tena kinarudi kahawia. Nimemwita mke wangu aje aone, nilidhani macho yangu.

---

BintiMwamba

Ndiyo hiyo. Fuwele ya epidoti inameza mwanga tofauti kulingana na upande ambao mwanga unatetemeka. Upande mmoja unatoa kijani, mwingine kahawia, mwingine njano. Olivini isingekuonyesha mchezo huo kwa nguvu namna hiyo. Tomalini inabadilika pia, lakini hiyo tumeshaizika kwa mizani.

---

Nipo Nipo

Sasa epidoti ndiyo nini? Maana tumetumia wiki nzima kuthibitisha jina.

---

BintiMwamba

Haki yako kuuliza.

Epidoti ni silikati, yaani madini yaliyojengwa kwa silikoni na oksijeni. Silikoni moja inashikwa na oksijeni nne, inakuwa kama kigae chenye ncha nne. Katika madini mengi vigae hivi vinakaa kimoja kimoja, au viwili viwili, au kwa minyororo. Epidoti ina aina mbili kwa pamoja: vingine viko peke yake, vingine vimeshikana mapacha. Katikati yake kuna kalisi, alumini na chuma, na ukiipima kwa uzito, chokaa ya kalisi ni kama asilimia 23. Humo ndani kuna pia maji, siyo maji ya kunywa, bali hidrojeni iliyofungwa na oksijeni, kama asilimia 2 ya uzito. Kumbukeni hayo maji, nitayarudia.

Kijani kinatokana na chuma. Na si chuma cha namna yoyote, ni kile kilichokwisha kushika oksijeni ya kutosha, ndugu wa kile cha kwenye kutu. Chuma kinapoingia kinakalia nafasi ya alumini. Kikiwa kingi rangi inakuwa nzito hadi kukaribia weusi, kikiwa kidogo sana fuwele inapauka na tunaiita klinozoisaiti.

Jina lilitolewa mwaka 1801 na René Just Haüy, padri wa Ufaransa aliyeweka misingi ya elimu ya fuwele. Alitumia neno la Kigiriki lenye maana ya nyongeza, kwa sababu upande mmoja wa kitako cha fuwele ni mrefu kuliko mwingine, kana kwamba umeongezewa. Kokoto aliandika "tofali lililosukumwa, upande mmoja mrefu kuliko mwingine" kabla sijalitaja jina. Nilipoisoma hiyo nilitabasamu. Wajerumani wa shule ya Werner, mwalimu wa elimu ya madini, wao waliita pistasiti, kwa rangi ya kokwa za pistachio.

Sasa inatoka wapi. Chukua basalti, lava iliyoganda, nyeusi. Ndani yake kuna feldispa yenye kalisi nyingi, na piroksini yenye chuma na magnesi. Madini hayo yalizaliwa kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 1000, makavu. Kisha mwamba unazikwa, unabanwa, unapashwa joto tena, lakini safari hii ni nyuzi 300 hadi 500 hivi, na maji yanapenya. Kwa hali hiyo mpya, feldispa ile haiwezi kubaki ilivyo. Inavunjika: sodiamu inabaki kwenye feldispa nyingine iitwayo albaiti, kalisi na alumini vinatoka, vinakutana na chuma na maji, inazaliwa epidoti. Piroksini nayo inageuka kloraiti na aktinolaiti. Basalti iliyokuwa nyeusi inatoka kijani. Mwamba huu geu ndio unaoitwa jiwe kijani, na ukipata tabaka-tabaka kwa mgandamizo ni shisti ya kijani.

Haukuyeyuka. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani mwamba geu ni mwamba ulioyeyuka ukaganda. Haya yote yanatokea mwamba ukiwa mgumu, chembe zikihama kidogo kidogo na maji yakiwa ndiyo mchukuzi.

Na wakati mwamba unapasuka kwa kubanwa, maji ya moto yaliyobeba kalisi, chuma na silika yanapita kwenye ufa. Yakipoa yanatua mzigo: kwatzi na epidoti. Ufa wa Kokoto ni huo.

---

Mzee wa Visima

Vijana, huwa nasoma tu, leo mmenigusa. Nilifanya kazi kwenye visima vya jotoardhi miaka mingi. Pale epidoti ndiyo kipimajoto chetu.

Mnachimba, kila baada ya mita chache vumbi la mwamba linapanda na tope, unaliosha kwenye chujio, unaliweka chini ya darubini. Juu juu unakuta udongo na zeolaiti, hapo bado pamepoa. Ukishuka kloraiti inatawala, umeshapita nyuzi 200 na ushee. Siku unapoona punje ya kwanza ya kijani cha njano, safi, yenye kung'aa, unajua mwamba huu umeonja nyuzi 240, 250 hivi. Aktinolaiti ikija, panakaribia 300. Zamu ya usiku, punje moja ndogo kuliko chumvi, na watu wanapigiana simu.

Lakini msikilize vizuri neno nililotumia: UMEONJA. Sikusema una. Tuliwahi kukuta epidoti nzuri kabisa kisimani, tukafurahi, tukashusha kipimajoto, nyuzi hazikufika hata 200. Mfumo ulikwishapoa zamani, madini yamebaki kama masizi kwenye chungu ambacho moto wake ulizimwa. Hapo ulikuwa ukimya wa aina yake.

---

BintiMwamba

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho vitabu vinalisema kwa mstari mmoja, wewe umelisema kwa aliyekuwepo.

---

Mzee wa Visima

Marahaba binti. Tulikuwepo, na chai ilipoa.

---

MaweYote

Sawa, zumaridi nimeacha. Lakini nimesikia epidoti ni dalili ya shaba na dhahabu chini. Kweli au si kweli?

---

BintiMwamba

Kuna ukweli ndani, na umekuzwa sana.

Kuna mashapo makubwa ya shaba yanayozunguka miamba iliyopanda ikiwa ya moto, yanaitwa pofiri. Maji ya moto yanageuza mwamba kwa pete pete kuanzia katikati. Pete ya nje, yenye joto dogo, huwa na kloraiti, epidoti, kalsaiti na pairaiti. Kwa hiyo mtafutaji akiona hayo manne pamoja, eneo pana, anajiuliza kama yuko pembezoni mwa kitu. Vilevile pale mwamba wa moto unapogusana na mawe ya chokaa, epidoti inaota pamoja na ganeti, na mahali hapo pengine pana shaba au chuma.

Lakini epidoti iko pia karibu kwenye kila mlima wa jiwe kijani duniani, na kwenye sakafu ya bahari ambako maji ya chumvi yanapenya lava. Sehemu nyingi mno haina shaba yoyote chini yake. Ukichimba kila penye epidoti utamaliza majembe.

---

Fundi Tindo

Mimi niseme la kwangu la ufundi. Nimeshakata epidoti, ndiyo, nimeikumbuka sasa. Inachosha. Ikiwa kubwa inakuwa nyeusi, mwanga hauingii, unakata jiwe linaonekana kipande cha chupa ya bia. Ikiwa ndogo na safi inapendeza, lakini lile bapa la kupasukia linakusubiri. Unasugua vizuri, unafika uso wa mwisho, TAK, kipande kimetoka. Ilinitokea nikiwa nimebakiza uso mmoja.

Inayofaa kung'arishwa ni ile iliyochanganyika na feldispa ya waridi na kwatzi, inaitwa unakaiti, imepewa jina la milima ya Unaka kule Marekani. Hiyo ni graniti iliyopitiwa na maji ya moto. Kijani na waridi pamoja, inashika mng'aro vizuri.

---

Mpita Njia

Swali: kuna mtu aliniambia tanzanaiti ni ukoo mmoja na epidoti. Alinipiga kamba?

---

BintiMwamba

Hakukupiga. Tanzanaiti ni zoisaiti ya bluu yenye vanadi, inayotoka Mirerani. Zoisaiti ni ndugu wa karibu wa kundi la epidoti: kalisi, alumini, silika na hidrojeni, karibu bila chuma. Klinozoisaiti ina kemia ile ile ila imepangwa kwa mpango mwingine, kama matofali yale yale yaliyojengwa kuta mbili tofauti. Ukoo huo una na wengine: piemontaiti ni nyekundu kwa manganizi, na alanaiti ni nyeusi-kahawia, inabeba madini adimu na mara nyingi ina mnunurisho kidogo kwa thoriamu iliyomo.

---

Mpita Njia

Basi na mimi nikiri. Nilijua tanzanaiti nyingi hupikwa motoni hadi ibadilike kutoka kahawia kuwa bluu. Nikasikia hiyo habari ya ukoo, nikachukua fuwele yangu nzuri ya kijani, nikaiweka kwenye jiko la mkaa nikapuliza. Haikuwa bluu. Ilipasuka vipande vinne na kimoja kiliruka kikatoboa shati.

---

BintiMwamba

Pole sana ndugu yangu. Bluu ya tanzanaiti inatokana na vanadi. Ya kwako kijani ni cha chuma, hakina bluu ya kukupa. Na kupasha joto ghafla namna hiyo kunapasua karibu fuwele yoyote yenye nyufa. Wazee wa maabara zamani walipima epidoti kwa moto makusudi, wakipuliza mwali kwenye ukingo wa kipande: inavimba, inatoa mapovu, inaishia kuwa donge jeusi. Hayo ndiyo maji niliyosema mkumbuke, yanatoka.

---

Kokoto

Wakuu, jana nilirudi pale kwenye mlima, nikamwomba msimamizi aniruhusu nitazame ukuta nikiwa mbali na mitambo. Safari ya kwanza niliona "mawe". Safari hii niliona kitu.

Ukuta wote ni kijani-weusi, na unakatwa na mishipa myembamba ya kijani cha njano, mingine minene kama mkono, mingine kama uzi. Karibu yote imeelekea upande mmoja. Pale mshipa ulipo mnene, mwamba wa pembeni yake umepauka kwa upana wa kiganja hivi, kana kwamba mshipa umeunyonya. Nimeokota kipande chenye madoa makubwa ya feldispa: katikati ya doa peupe, kingo zake za kijani. Linageuka nusu nusu, limekatishwa njiani. Nimekaa nalo sana hilo.

Mjomba nimemweleza yote, ya mizani, ya kompyuta, ya visima. Kasema "kwa hiyo shaba iko chini zaidi."

Rafiki yangu bado anasema ni zumaridi.

---

Fundi Tindo

Hilo lenye kingo za kijani usilikate. Likitaka kung'arishwa uso mmoja nitumie, sitakutoza kitu. Nataka kuliona kwa macho.

---

JiweJeusi22

Habari wakuu, mimi ni mgeni hapa. Na mimi nina jiwe, langu ni jeusi linang'aa, sumaku inalivuta kidogo. Ni almasi?

---

BintiMwamba

Karibu. Fungua uzi wako. Na uje na mizani.